Mlinzi wa Ghala: Jinsi ya Kuwaachisha Watoto wa Paka Kunyonya

Wakulima wa skimu,

Katika masomo yetu tumezoea kueleza habari za ndama, za kuku, na za mbegu. Mwezi huu twataka kueleza habari za mnyama mdogo ambaye hata haandikwi katika daftari la shamba, lakini kazi yake ni kubwa. Mnyama huyo ni paka. Hasa twataka kueleza jinsi watoto wake wanavyoachishwa ziwa, kwa sababu hapo ndipo paka wengi wanapoharibika.

Watu wengi huja ofisini kuuliza dawa ya panya. Wachache huuliza habari za paka, na maswali yao ni mawili tu. La kwanza: "Kwa nini paka niliyepewa na jirani alikufa baada ya siku chache?" La pili: "Kwa nini paka wangu analala jikoni na huku panya wanapita mbele yake?" Maswali haya mawili huonekana mbalimbali, lakini mara nyingi jibu lake ni moja: paka huyo aliondolewa kwa mama yake kabla ya wakati wake.

Hesabu ya panya

Kwanza tufanye hesabu kidogo. Tuseme katika ghala lako wamo panya wakubwa 10, na kila mmoja hula gramu 15 za mahindi kwa siku. Hiyo ni gramu 150 kila siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 4 na nusu. Ukiweka mahindi yako miezi 8, panya hao watakuwa wamekula kilo 36. Gunia lako ni la kilo 90. Basi umewapa panya zaidi ya thuluthi moja ya gunia zima, wala hawakukusaidia kupalilia hata mstari mmoja.

Tena hizo ni zile kilo walizokula tu. Zile walizochafua kwa mkojo na kinyesi hatukuzihesabu, wala magunia waliyotoboa. Mkojo wa panya waweza pia kuleta magonjwa kwa watu wa nyumbani.

Paka peke yake hawezi kulinda ghala bovu. Ni lazima ghala liinuliwe juu ya miguu, na kila mguu uvikwe bati pana ili panya asipande. Nyasi zilizo karibu zifyekwe. Lakini ghala likiwa jema, na paka akiwa hodari, panya hupungua sana. Wahenga walisema, "Paka akiondoka, panya hutawala." Nasi twaongeza ya kwamba paka asiyelelewa vizuri ni kama ameondoka, ijapokuwa yumo nyumbani.

Mama ndiye mwalimu

Mtoto wa paka akiondolewa mapema hupoteza vitu viwili, yaani maziwa na mafunzo. Wakulima wengi hufikiri habari za maziwa tu. Tuangalie kwanza mafunzo.

Mwaka 1930 mtaalamu mmoja wa China, jina lake Zing-Yang Kuo, alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya paka na panya. Aliwalea watoto wa paka katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la watoto 21, ambao walilelewa wakiona mama akiua panya. Fungu la pili lilikuwa la watoto 20, ambao walilelewa peke yao wala hawakuona panya akiuawa. Fungu la tatu lilikuwa la watoto 18, ambao walilelewa pamoja na panya mahali pamoja.

Matokeo yalikuwa haya. Katika fungu la kwanza, paka 18 kati ya 21 waliua panya. Katika fungu la pili, 9 kati ya 20. Katika fungu la tatu, 3 tu kati ya 18.

Tazameni hesabu hizo vizuri. Fungu la pili latuonyesha ya kwamba paka ana asili ya kuwinda, maana karibu nusu waliua panya bila kufundishwa. Lakini fungu la kwanza latuonyesha ya kwamba asili peke yake haitoshi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mafunzo hayo huanza lini? Huanza wakati ule ule wa kuachishwa ziwa. Watoto wakifika karibu wiki 4 au 5, mama huanza kuwaletea panya aliyekufa. Baadaye huwaletea panya aliye hai na kumwachilia mbele yao wajaribu wenyewe. Kwa hivyo mtu anayemchukua mtoto wa paka wa wiki 4 amemtoa shuleni siku ile kengele ya kwanza inapopigwa.

Maziwa ya ng'ombe hayatoshi

Wengine husema, "Nikimchukua mapema nitampa maziwa ya ng'ombe." Maziwa ya ng'ombe ni ya ndama. Maziwa ya paka yana nguvu ya kujenga mwili karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, au zaidi. Tena sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe huwasumbua paka wengi tumboni, na mtoto huharisha. Mtoto wa paka anayeharisha hukauka maji mwilini upesi, na siku moja yaweza kutosha kumwua. Hii ndiyo sababu paka wengi waliotolewa mapema hufa katika juma la kwanza.

Kadhalika ugali na maziwa si chakula cha kumkuza paka. Paka ni mnyama wa kula nyama. Katika nyama na samaki kuna kitu kinachoitwa taurini, ambacho hakimo katika mahindi. Paka akikikosa kwa muda mrefu, macho yake huharibika na moyo wake hudhoofika. Kwa sababu hiyo hiyo chakula cha mbwa hakimtoshi paka.

Dalili za kuwa tayari

Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa karibu gramu 100. Macho yake hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Kufunguka macho si dalili ya kuwa tayari kula. Ngojea dalili hizi:

1. Meno ya mbele yametoka, na yale marefu ya pembeni yanaonekana. Hii ni karibu wiki ya 4.
2. Anatembea bila kuyumba, naye aweza kukaa kitako.
3. Anafuata mama kwenye chombo chake na kunusa chakula.
4. Mama amechoka kunyonyesha. Utamwona akilalia tumbo ili kuficha chuchu, au akipanda juu ya rafu ili apumzike.

Mama akianza kuwakimbia hivyo, usimpige wala usimlazimishe kurudi. Anafanya kazi yake. Anawapunguzia maziwa kidogo kidogo ili watafute kingine.

Jinsi ya kutayarisha chakula

Si lazima kununua chakula cha dukani. Chakula kizuri chaweza kupatikana shambani na sokoni.

Chukua konzi moja ya omena, ambao watu wa pwani huita dagaa. Waoshe mara kadha mpaka mchanga wote utoke. Wachemshe kwa maji kidogo, bila chumvi, bila kitunguu, bila kiungo chochote, mpaka walainike kabisa. Usimwage supu, kwa sababu sehemu ya ile taurini huingia ndani ya supu. Twanga omena katika kinu mpaka miiba isisikike kwa vidole. Kisha changanya na ile supu mpaka chakula kiwe kama uji mwepesi.

Badala ya omena waweza kutumia nyama isiyo na mafuta mengi, nyama ya kuku bila mifupa, au yai lililochemshwa. Ini ni zuri, lakini liwe kidogo tu, mara moja au mbili kwa juma. Likizidi kwa muda mrefu hudhuru mifupa. Ugali laini waweza kuongezwa ili kujaza, lakini usizidi robo ya chakula. Samaki apikwe, asipewe mbichi.

Kitunguu, cha kupikwa au kibichi, huharibu damu ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano. Mahindi yaliyoota ukungu yasitumiwe hata kidogo. Mwaka 2004 sumu ya ukungu wa mahindi iliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya Kenya. Kitu kinachoua mtu mzima hakifai kumpa mtoto wa paka.

Kazi ya wiki kwa wiki

Wiki ya 4. Weka chakula kilicho kama uji, chenye vuguvugu la mwili, katika kifuniko cha sufuria au sahani isiyo na kina. Kijiko kimoja cha chai kwa kila mtoto chatosha. Paka kidogo kwenye kidole chako, umwache mtoto arambe. Usimshike kichwa na kumtumbukiza pua katika chakula, kwa maana akivuta chakula kwa pua kitaingia katika mapafu, na aweza kufa. Fanya hivi mara 2 kwa siku. Watoto watakanyaga chakula na kujipaka mwili mzima. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha wakaushe. Maziwa ya mama bado ndiyo chakula chao hasa.

Wiki ya 5. Lisha mara 3 au 4 kwa siku. Punguza supu kidogo kidogo ili chakula kiwe kizito kama uji wa asubuhi. Weka maji safi katika chombo kifupi, kwa maana mtoto anayepungukiwa maziwa huhitaji maji. Wakati wa kula waweza kumtenga mama muda wa saa moja, kwa sababu asipotengwa aweza kumaliza chakula cha watoto.

Wiki ya 6. Sasa chakula kiwe kama ugali laini, chenye vipande vidogo vya kutafuna. Lisha mara 4. Mtoto aliye mnyonge apewe sahani yake mwenyewe, kwa sababu wenye nguvu humsukuma.

Wiki ya 7 na ya 8. Watoto wanakula chakula kigumu. Mama huwanyonyesha mara chache tu, na mwishoni huwakatalia kabisa. Hapo ndipo kazi ya kulikiza, yaani ya kuachisha ziwa, imekwisha. Tangu kuanza mpaka kumaliza ni kama wiki 4. Asiyetaka kungoja wiki 4 asifuge paka.

Katika wiki zote, chakula kilichobaki baada ya saa moja kiondolewe na chombo kioshwe. Nzi na joto huharibu chakula upesi kuliko unavyofikiri.

Kupima uzito

Mkulima hodari hapimi kwa macho tu. Tumia mizani ya jikoni, au umwombe mwenye duka akupimie. Mtoto wa paka huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Akifika wiki 4 huwa karibu gramu 400, na akifika wiki 8 hukaribia kilo moja. Wengine ni wadogo kwa asili, wala hiyo si hoja. Lililo kubwa ni kwamba uzito uongezeke kila juma. Mtoto akikaa siku 2 bila kuongeza, au akipungua, tafuta sababu. Mrudishe kwa mama anyonye, chakula kifanywe chepesi tena, na umwulize daktari wa mifugo. Akiharisha na huku amelegea, usingoje kesho.

Mama naye asisahauliwe

Paka anayenyonyesha hula mara mbili au tatu kuliko siku zote. Akikosa chakula, maziwa hukauka, na watoto hulia usiku kucha. Mpe nyama au omena kila siku, na maji ya kutosha. Watoto wanapoanza kula vizuri, punguza chakula chake kidogo kidogo ili maziwa yapungue. Kagua matiti yake kila siku. Titi likiwa jekundu, gumu na la moto, au likitoa usaha, ni ugonjwa, nalo lahitaji dawa ya daktari.

Usiwaondoe watoto wote siku moja. Maziwa yakijaa ghafula bila wa kunyonya, mama huumia kama vile ng'ombe aliyeachwa bila kukamuliwa.

Minyoo, kupe na sumu

Minyoo hupita kwa watoto katika maziwa ya mama. Mtoto mwenye tumbo kubwa na mgongo mwembamba hakushiba, ana minyoo. Wape dawa ya minyoo ya paka katika wiki ya 3, ya 5, ya 7 na ya 9, kwa kipimo cha uzito atakachosema daktari. Mama apewe pia. Watoto wa nyumbani waoshe mikono baada ya kucheza na paka, kwa sababu minyoo hiyo yaweza kuwadhuru.

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Dawa ya kupe ya ng'ombe isitumiwe kwa paka. Mtu huona viroboto, akachukua dawa iliyobaki katika bomba la kunyunyizia ng'ombe, akamwosha paka nayo. Dawa nyingi za namna hiyo ni sumu kwa paka, na mtoto hutetemeka akafa. Hata ile ya mbwa yaweza kumwua. Viroboto vya mtoto mdogo viondolewe kwa kitana chenye meno ya karibu karibu na kwa kubadilisha matandiko. Dawa za maumivu za watu pia asipewe. Kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumwua paka.

Na ile sumu ya panya? Kumbuka tuliyosema, ya kwamba mama huwaletea watoto panya. Ukiweka sumu ghalani wakati huu, panya aliyeila sumu ndiye mwepesi wa kukamatwa. Mama atamkamata yeye na kumpeleka kwa watoto, na kwa siku moja waweza kupoteza walinzi watano. Katika wiki hizi tumia mitego, na uiweke mahali paka hawafiki.

Wakati wa kumpa jirani

Jirani akija kuomba paka watoto wakiwa wa wiki 4, mwambie, "Umepata, lakini ngoja." Achague wake na amtie alama kwa kamba ya nguo iliyolegea, kisha arudi nyumbani mikono mitupu. Wiki 8 ndicho kipimo cha chini kabisa. Akingoja mpaka wiki 10 au 12 ni vizuri zaidi, kwa sababu mafunzo ya kuwinda yatakuwa yameingia. Siku ya kumchukua, apewe na chakula kidogo cha siku 2 kama kile alichozoea, ili tumbo lisishtuke.

Akifika miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia, naye huwaambukiza watu kwa kuuma. Tena mwulize daktari habari za kumfunga uzazi paka jike. Wengine hushika mimba wakiwa na miezi 4 au 5 tu, nao ni watoto bado. Ni afadhali kuwa na paka wawili wanaolishwa kuliko kumi wanaotupwa njiani.

Wako wanaosema paka asilishwe ili njaa imfanye awinde. Sivyo. Paka mwenye njaa huenda mbali kutafuta, akaiba vifaranga vya jirani. Paka aliyelishwa kiasi hukaa karibu na ghala, naye huwinda kwa sababu alifundishwa kuwinda.

Maswali ya kujipima

Someni maswali haya pamoja nyumbani, au katika mkutano wa chama chenu, kisha mtazame majibu.

1. Je, mtoto wa paka aliyefungua macho yuko tayari kula?
2. Kwa nini supu ya omena isimwagwe?
3. Jirani ana mtoto wa paka wa wiki 6 mwenye gramu 600. Juma lililofuata bado ana gramu 600. Afanye nini?
4. Kwa nini tusiweke sumu ya panya wakati mama analea?

Majibu

1. La. Macho hufunguka katika wiki ya kwanza au ya pili. Kula huanza karibu wiki ya 4, meno yakiwa yametoka.
2. Kwa sababu ina taurini, ambayo paka anaihitaji kwa macho na moyo.
3. Atafute sababu: minyoo, kuharisha, au kusukumwa na wenzake. Ampe sahani yake, chakula kifanywe chepesi, anyonye, na amwone daktari wa mifugo.
4. Kwa sababu mama atawaletea watoto panya aliyekula sumu.

Haya basi, wakulima. Mavuno yakiingia ghalani, kazi ya jembe imekwisha lakini kazi ya kulinda imeanza. Kama kuna paka anayenyonyesha nyumbani mwako mwezi huu, hesabu leo siku tangu azae na uziandike ukutani. Zikifika 28, weka kifuniko cha sufuria sakafuni na uanze.